Njaa Isiyo ya Tumbo

Mafundisho yaliyotolewa Bujumbura na mama mmoja muuguzi kutoka upande wa Uvira, kipindi cha mchana, siku ya pili ya sherehe ya miaka 25 ya ushirika wetu. Yametolewa kwenye rekodi na kupunguzwa kidogo.

 

 Nashukuru kamati kwa kunipa nafasi hii ya baada ya chakula. Najua ni saa ngumu, naona kuna baba pale nyuma macho yameshakuwa mazito. Lakini leo saa hii inafaa, maana neno langu ni la chakula, na mikono yetu bado inanukia mukeke.

Nilipoambiwa nifundishe juu ya afya, wengi walitegemea niseme habari za chumvi na presha. Hizo nitasema siku nyingine. Leo nataka tuseme kitu ambacho watu wengi wa kanisa wanakifanya na hakuna anayekitaja: kula wakati tumbo halina njaa. Kula kwa sababu moyo unauma, au umechoka, au umeudhiwa, au uko peke yako. Na ili mtu asiseme nimemlenga yeye, nitaanza na mimi mwenyewe.

SAA TATU USIKU

Sisi watu wa Uvira mwaka 2020 hatutausahau. Mwezi wa tatu mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Mwezi wa nne mto Mulongwe ukafurika, nyumba nyingi zikaenda na maji. Yetu ilibaki kuta mbili. Na upande wenu huku, Gatumba ilikuwa ndani ya maji ya Rusizi.

Nilikuwa na dada yangu mkubwa hapa Bujumbura. Wengi wenu mlimjua. Mama yetu alifia kambini Nyarugusu nikiwa na miaka 13, kwa hiyo dada ndiye aliyenilea. Alipoolewa huku na mimi nikarudi Uvira, alikuwa ananipigia simu kila siku saa tatu usiku, watoto wakishalala. Hata kama hatuna la kusema. Ananiuliza tu, umekula nini leo.

Mwezi wa saba akaugua. Siku nne tu, akalala. Kutoka kwangu hadi kwake hakufiki kilomita 40, lakini sikuvuka. Ninyi ndio mlimzika. Kuna mama ameketi hapa mbele, yeye na wenzake walimwosha dada yangu na kumvalisha. Mama, leo nakushukuru mbele ya watu wote. Nilichelewa.

Baada ya pale nilirudi kazini kama kawaida. Watu waliniambia nimepata faraja haraka, nina imani kubwa. Lakini usiku, watoto wakilala, nilikuwa naingia jikoni. Sikuwasha taa. Nilikula bukari baridi iliyobaki na sombe yake, nikimaliza nakula mandazi niliyowawekea watoto ya asubuhi. Nasimama tu pale karibu na jiko, nakula haraka, ukiniuliza ladha yake siwezi kukuambia. Halafu nakwenda kulala na aibu, naahidi kesho nitafunga. Kesho nafunga kweli, bila hata maji, na usiku saa tatu nakula mara mbili ya jana.

Na asubuhi niko kituoni, nafundisha wagonjwa wa kisukari namna ya kula! Mnaona mambo hayo?

Kwa mwaka mmoja na nusu nilitoka kilo 71 nikafika 86. Na kanisani mnanisifu: mama, Mungu amekutunza, umenona. Nilikuwa najibu Amina. Siku moja nikajipima sukari kabla ya kula chochote. Ikasoma 119. Wapendwa, asubuhi kabla ya kula sukari inatakiwa iwe chini ya 100. Kuanzia 126, ukipimwa tena siku nyingine na ikarudi hivyo hivyo, hicho ni kisukari. Mimi nilikuwa katikati, nimesimama mlangoni.

Nilimwambia muuguzi mwenzangu mmoja, mama mtu mzima. Nilifikiri atanipa orodha ya vyakula. Akaniambia, orodha unaijua, unawafundisha watu kila siku. Chukua daftari. Kwa majuma mawili usibadilishe kitu, andika tu: umekula saa ngapi, ulikuwa wapi, na dakika chache kabla ya kula ulikuwa unahisi nini.

Nikachukua daftari la zamani la mtoto. Siku ya tisa nikalifungua kusoma, nikaketi chini. Saa tatu. Saa tatu na dakika tano. Saa tatu kasoro. Saa tatu. Kumbe miaka hiyo yote nilikuwa nasubiri simu.

NJAA ZIKO MBILI

Sasa tufundishane. Njaa ya tumbo inakuja polepole. Kwanza unaisikia kidogo, baada ya saa moja imeongezeka. Haichagui: ukiipa viazi inakubali, ukiipa maharage inakubali. Ukishiba, inaondoka, na huna aibu yoyote kwa sababu umekula.

Njaa ya moyo inakuja ghafla. Ulikuwa umekaa vizuri, dakika moja baadaye lazima upate kitu. Tena inachagua: inataka chapati, inataka mandazi, inataka Fanta, inataka kitu cha mafuta au cha sukari. Hakuna mtu aliyelia usiku akakimbilia lengalenga! Na hata tumbo likijaa haiondoki, kwa sababu haikuwa tumboni. Ikiisha, inaacha lawama.

Msidhani hii ni akili tu. Mwili unashiriki. Mtu akiwa na msongo wa mawazo kwa muda mrefu, mwili unatoa homoni za hatari, na hizo zinaamsha hamu ya vyakula vya sukari na mafuta. Ukila, ubongo unapata raha kidogo kweli, kwa dakika chache. Ndiyo maana inarudiwa. Ubongo umejifunza: hapa panauma, dawa iko kwenye sufuria. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba hana nidhamu tu. Amepata dawa isiyofaa kwa maumivu ya kweli.

MLANGO UNAFUNGULIWA NA NINI

Kila mtu ana kitu kinachomfungulia mlango. Nitataja vile nimeviona kwetu, kila mmoja aangalie cha kwake.

Wa kwanza ni huzuni ambayo haikulia. Huo ndio uliokuwa wangu, nimeshausema.

Wa pili ni uchovu. Mtu asipolala vizuri, homoni inayoleta njaa inapanda, na ile inayosema nimeshiba inashuka. Sasa sisi tuko na mikesha. Ijumaa mkesha, Jumamosi soko, Jumapili ibada mbili. Jumatatu unashangaa kwa nini unakula bila kuacha. Si pepo, mpendwa. Ni usingizi.

Wa tatu ni hasira iliyomezwa. Ndugu mmoja anayefanya biashara ya kuvuka amenipa ruhusa niseme. Anasema kwenye njia anafokewa, anasubirishwa juani, anaambiwa maneno mbele ya vijana wadogo, na hawezi kujibu kwa sababu ana mzigo. Anafika nyumbani, mke anamsalimu, hajibu. Anakula bukari ya watu watatu. Aliniambia, mama, nikitafuna ndipo nasikia nimemjibu yule mtu.

Wa nne ni upweke. Wajane wetu, na wamama ambao mabwana wako mbali kutafuta maisha. Kupika kwa mtu mmoja ni kazi ngumu, basi anakula mikate na chai ya sukari kutwa nzima, redio ikiwa imewashwa.

Wa tano ni njaa ya zamani. Hapa nasema na sisi tulioishi kambini. Tuliokimbia vita ya 1996 tukapita ziwa tunajua siku mgao ulipopunguzwa maana yake nini. Mtoto aliyelala njaa anajifunza kula haraka, na kula chote, kwa sababu kesho haijulikani. Leo ana miaka 40, sufuria imejaa, lakini ndani yake bado yuko kwenye foleni na sahani yake. Akiona chakula kimebaki anasikia hofu. Usimcheke. Mfundishe pole pole kwamba kesho pia kitakuwepo.

Wa sita ni sisi wenyewe na desturi zetu. Ukimtembelea mtu ukikataa sahani ya pili, anauliza nimekukosea nini? Tukifiwa, tunakula. Tukioa, tunakula. Tukipatana baada ya ugomvi, tunakula. Chakula kwetu ni pendo, na mimi sitaki tupoteze hilo. Lakini tujifunze kupokea neno moja: asante mama, nimeshiba. Tusilichukue kama tusi.

Na wa saba, naomba wachungaji wanisikilize kwa upole. Wa saba ni kufunga kwa kujiadhibu. Sisemi tusifunge! Mimi nafunga. Ushirika huu ulizaliwa katika kufunga na kuomba. Lakini kuna mtu anayekula usiku kwa siri, anaona aibu, asubuhi anafunga ili alipe. Hiyo haikuwa maombi, ni adhabu. Mwili uliokaa kutwa nzima bila kitu, jioni unadai kwa nguvu, na moyo ukiwa na jeraha juu yake, atakula kupita jana. Ni duara. Ukitaka kufunga, funga kwa ajili ya Mungu, si kwa ajili ya mandazi ya jana. Na wenye kisukari wanaotumia dawa, wenye mimba, wanaonyonyesha, kabla hamjafunga ongeeni na daktari. Sukari ikishuka sana inaweza kuua mtu kwa haraka.

ELIA CHINI YA MTI

Fungueni nyumbani 1 Wafalme sura ya 19. Mnaijua habari. Elia ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, siku chache baadaye amekimbia jangwani, ameketi chini ya mti, anaomba afe. Mtumishi wa Mungu kabisa, anaomba afe!

Angalieni Mungu alifanya nini. Hakumtumia malaika wa kumhubiria. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Elia akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Chakula, maji, usingizi. Halafu, alipofika mlimani, Mungu akamwuliza: unafanya nini hapa? Akampa nafasi ya kueleza yote yaliyokuwa moyoni mwake. Na mwisho akampa mtu, Elisha, ili asibaki peke yake.

Mimi naona pale vitu vyote tulivyosema. Tumbo lilipata chakula chake. Mwili ulipata usingizi wake. Moyo ulipata wa kuusikiliza. Mungu hakuvichanganya, na sisi tusivichanganye. Bukari haiwezi kumsikiliza mtu. Na mahubiri hayawezi kuwa usingizi.

Mwangalieni na Hana, 1 Samweli sura ya kwanza. Yeye huzuni ilimfanya asile. Wengine wanakula sana, wengine hawali, jeraha ni lile lile. Alipomimina moyo wake mbele za Bwana, alirudi akala, na uso wake ukabadilika. Kwanza moyo ulisema, ndipo sahani ikakaa mahali pake.

TUFANYE NINI SASA

Nitasema mambo machache ya kufanya, muyachukue nyumbani. Wamama mliokuja na kalamu, andikeni.

Kwanza, daftari. Majuma mawili, kama nilivyofanya mimi. Saa, mahali, chakula, na kilichokuwa moyoni kabla. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake amwekee alama. Usijihukumu, andika tu. Utaona mlango wako uko wapi.

Pili, kabla hujanyoosha mkono, jiulize mambo manne: nina njaa? Nina hasira? Niko peke yangu? Nimechoka? Kama ni njaa, kula, na ule bila aibu. Kama ni hayo mengine, yape jibu lake. Aliyechoka alale. Mwenye hasira aseme na mtu anayemwamini. Aliye peke yake atafute sauti.

Tatu, subiri dakika kumi. Usijiambie sitakula kamwe. Jiambie, nitakula baada ya dakika kumi. Kunywa maji, toka nje, zunguka nyumba, imba wimbo mmoja. Njaa ya moyo mara nyingi inapanda kama wimbi halafu inashuka. Kama baada ya dakika kumi bado unataka, chukua kidogo, weka kwenye sahani, keti, washa taa, kula polepole. Tumbo linachukua kama dakika 20 kuambia ubongo kwamba limeshiba. Anayekula amesimama gizani hawezi kusikia habari hiyo.

Nne, usikae na njaa kutwa. Kula asubuhi, hata kidogo. Kula mchana. Maharage, ndagala, mboga, hivi vinakaa tumboni kuliko chai ya sukari na mkate. Mwenye kula vizuri mchana hashindwi kirahisi usiku.

Tano, ukianguka, usijiadhibu. Mlo unaofuata ule kama kawaida. Basi. Mimi nilianguka mara nyingi, na siku niliyoacha kujilipiza ndiyo siku duara lilianza kukatika.

Na sita, jueni mpaka wa mambo haya. Kama mtu anakula kiasi kikubwa sana kwa muda mfupi, anasikia hawezi kujizuia, na hiyo inatokea angalau mara moja kwa juma kwa miezi mitatu, huo ni ugonjwa unaojulikana na madaktari. Aende hospitali, aseme wazi. Vivyo hivyo anayejitapisha baada ya kula, au anayewaza kufa. Tutamwombea, ndiyo, na tutamsindikiza. Tusimwambie achague kati ya maombi na daktari.

OMBI LANGU

Namaliza. Mpaka ulipofunguliwa nilikuja hapa, nikaenda kaburini kwa dada, nikalia ile kilio ambayo nilikuwa nimeificha kwenye sufuria. Yule mama niliyemtaja alinisubiri mpaka nikamaliza. Jioni akaniuliza, dada yako alikuwa anakupigia saa ngapi? Nikamwambia. Tangu siku hiyo ananipigia yeye. Si kila siku, maana na yeye ana nyumba, lakini mara mbili, tatu kwa juma, saa tatu usiku simu inalia. Ananiuliza, umekula nini leo.

Leo niko na kilo 78. Sukari ilikuwa 104 mwezi uliopita, kwa hiyo bado najichunga. Kuna usiku nasimama bado pale jikoni. Lakini siku hizi nawasha taa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, kuanzia leo tuache kusema miili ya watu kanisani. Usimwambie mtu amenona, usimwambie amekonda. Hujui ni nini kilichomnenepesha. Mwulize, unaendeleaje, halafu ukae usikie jibu.

La pili, kabla mabasi hayajaondoka jioni, kila mtu wa Uvira atafute mtu mmoja wa Bujumbura, wabadilishane namba. Muulizane saa ile ambayo ni ngumu kwako ni saa ngapi. Ishike saa hiyo. Miaka 25 tumekuwa tukivuka mpaka kuja kwenye sherehe na mazishi. Tuvuke na siku za katikati pia.

Bwana awabariki. Ambao mna maswali, nitakuwa pale chini ya mwembe na kipimo changu cha sukari. Sitamkemea mtu.